Jiwe la Kufukuza Mamba

Dada Kabula,

Shikamoo! Itikia kwanza, ndipo usome.

Niko kisiwani Mafia, sisi tuliojitolea kutunza matumbawe tunafundishwa kuzamia, na umeniponza. Jana kabla ya kuingia majini nilirusha jiwe kufukuza mamba, kama ulivyonizoesha kule ziwani. Samaki tuliokuja kuwatazama wakatawanyika wote. Wenzangu wa pwani walicheka mpaka wakakaa chini. "We Mwanza," mwalimu akasema, "baharini hapa mamba katoka wapi?"

Leo maji yalichafuka, hata miguu yetu hatukuiona. Tulisimama na mitungi ya hewa mgongoni, hakuna aliyetaka kutangulia. Mwalimu akanisogelea, akaninong'oneza: "Mwanza, hebu rusha lile jiwe lako."

Kaptula ya mitumba uliyonichagulia sokoni Igoma bado imara. Ukienda ziwani kuchota maji, rusha na jiwe la kwangu.

Mdogo wako,
Masanja