Mbeleko Kwenye Joint

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kirushya maharage tumeyaanika, na bibi yako kikohozi kimemwachia.

Nimefurahi kwamba umeuliza mapema kuhusu gari lako. Ule mpira unaofunika joint, kile kiungo cha ekseli kwenye gurudumu, ukichanika, badilisha. Grisi ikimwagika, vumbi huingia na gurudumu huanza kugonga.

Miaka ya wakimbizi nilimpeleka kwa gari langu mama mmoja wa kambini kwa mwanawe aliyelazwa hospitali, Biharamulo. Mpira ukachanika njiani. Bila kuombwa, akanipa mbeleko aliyokuja nayo ya kumbebea huyo mtoto wakati wa kurudi. Nikaifunga pale, tukafika. Mtoto tulimkuta amekaa, anakunywa uji.

Fundi alipoweka mpira mpya, mbeleko ilikuwa imelowa grisi. Nikamwomba mama radhi.

"Acha tu, kaka," akasema. "Leo simweki mgongoni. Nataka nimwone."

Babu yako