Vipete vya Baba

Bonde la Hinkel, Pennsylvania
Tarehe 19 Agosti

Kwa kaka yangu mpendwa, Lamar,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Darlene, na kwamba goti lako limepoa tangu ulipofanyiwa upasuaji. Habari za goti nilizipata kanisani, kwa watu baki, na nikaona haya kuulizwa hali ya ndugu yangu nikawa sina la kujibu. Huku sisi hatujambo. Elwood ameanza kusikia kwa sikio moja tu, na mimi hugeukia lile lingine ninapotaka kulalamika. Mahindi yamenenepa mwaka huu, na mipichi ya kule nyuma imezaa hadi tumeiegemeza kwa nguzo.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka sita tumetumiana kadi za Krismasi zenye majina mawili tu chini, kama risiti. Nakuandikia kwa sababu nataka kununiana huku kuishe, na nataka kuishe mwaka huu, wakati bado sote tunaweza kupanda ngazi za kibaraza bila kushikwa mkono. Ukitaka kuichana barua hii, tafadhali isome kwanza.

Niliacha kuendesha basi la shule mwezi Juni mwaka juzi. Watoto walinipa keki, na dereva aliyenirithi tayari amelikwaruza basi kwenye daraja la mawe, jambo ambalo nakiri limenifurahisha kidogo. Nilipobaki nyumbani sikujua nifanye nini na asubuhi zangu. Basi nikaingia kwenye banda la Baba. Nikakuta vyuma vya kusawazishia tairi alivyokuwa akiviokota kwa mafundi bado vimejaa kwenye ndoo, chungu cha kuviyeyushia kipo, na jiliwa limeshika kutu kidogo tu. Nikanunua kalibu ya risasi za bunduki ya Elwood nikaanza kusubu risasi, mimi ambaye utotoni nilikuwa nakimbia harufu ile. Huwezi kuamini ninavyoipenda sasa. Unamimina, unahesabu hadi nne, unagonga kalibu, na risasi inadondoka kwenye taulo ikiwa inang'aa. Naweza kukaa humo tangu baada ya chai hadi Elwood aje kuuliza kama leo tunakula au tumefunga.

Lakini wewe unajua, kusubu ni nusu ya kazi. Risasi ikitoka kwenye kalibu huwa haijalingana, na lazima isukumwe ndani ya kipete cha chuma ili ipate unene wa mtutu, huku mashine ikiijaza nta kwenye mifereji yake. Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mashine ninayo mimi na kasha la vipete unalo wewe.

Naomba turudi kidogo kwenye siku ile ya kugawana, baada ya mazishi ya Baba. Mchungaji alituwekea njugu mbili kwenye kopo la kahawa, moja amepaka rangi, ili tujue nani aanze kuchagua, kama walivyogawana babu na ndugu zake. Ukapata wewe. Ukachukua bunduki ya Baba, na hakuna aliyeshangaa. Mimi nikachukua mashine ya kupaka nta. Hukungoja hata pumzi, ukachukua kasha la vipete. Kutoka hapo hatukuchagua tena, tulikomoana. Nikachukua saa ya ukutani kwa sababu nilikuona unaitazama, na wewe ukachukua viti vinne ukaniachia meza. Mlangoni ukaniambia nikae na mashine yangu kama pampu kavu, na mimi nikakwambia kavivae hivyo vipete vidoleni, uende navyo dansini. Darlene alicheka, masikini, akidhani tunataniana.

Sote wawili tuliamini vitu vile havitengani. Si Baba alituimbia hivyo maisha yetu yote? Vipete hivi vimechongwa kwa mashine hii, mashine hii haikubali vipete vingine, ukiviweka kwenye mashine ya mtu utaipasua na utailipa. Alisema kwa sauti ile ya kusomea Zaburi. Basi mashine yangu nikaifunika kitambaa cha meza, nikaweka juu yake chungu cha maua, na risasi zangu nikazipaka nta kwa kidole, moja moja, kama mtu anayepaka siagi mikate ya panya. Zilipiga kokote zilikotaka. Kwenye klabu ya kulenga shabaha walinipa jina la Mama Nyunyiza.

Mwezi Aprili alikuja Verna Moyer kuchukua rubabu, ile mboga chachu ya kupikia pai. Unamkumbuka, mjane wa Clarence, yule anayebeba bunduki yake ndani ya foronya ya mto. Ana miaka sabini na sita na bado anatushinda wote kwenye shabaha ya mita mia mbili. Akaona chungu cha maua, akainua kitambaa, akaniuliza ni dhambi gani mashine nzima namna hii imefanya hadi ifunikwe kama maiti. Nikamweleza kwamba haina vipete, kwamba vyake unavyo wewe, na kwamba vya watu wengine haivikubali. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia Baba.

Kaka, yule mama alicheka hadi akakalia ndoo. Alipopata pumzi akasema Harvey, mwenzangu, baba yako Harvey alitupiga na sisi chenga hiyo hiyo, mwaka ule Clarence alipokwenda kumwazima kipete kabla ya mashindano. Clarence akarudi nyumbani anatabasamu, kwa sababu alijua kwamba mashine yake ya kijani ingekula vipete vya Baba bila taabu, na ile yetu ya rangi ya chungwa ingekula vya ile ya kijani vilevile. Isiyoelewana na wenzake ni aina nyingine, ile ndefu inayosukuma risasi moja kwa moja hadi itokee chini, hiyo ndiyo yenye vipete vyake peke yake. Lakini Clarence aliona si adabu kumuumbua jirani, akanyamaza miaka thelathini. Verna alikwenda kwenye gari lake, akarudi na kipete, akakitumbukiza kwenye mashine na kukaza nati. Kilikaa pale kama kimezaliwa humo. Tuliilainisha nta kwa mashine ya kukaushia nywele, nikashusha mkono wa mashine, na risasi ya kwanza ikapanda juu imejaa nta kwenye kila mfereji. Nilipima kwa mikromita mara tatu na kila mara ikasoma vilevile.

Nadhani unaelewa kwa nini Baba alifanya hivyo. Unaikumbuka ngazi aliyowaazima wale wa zahanati ya mifugo, ikarudi haina vipago viwili? Mzee wetu hakuwa mchoyo wa chakula wala wa siku yake, angekuvunia shamba lako bure. Ila kifaa kikitoka bandani alikuwa hapati usingizi. Na kwa kuwa hakuweza kumwambia jirani hapana usoni, alitunga ile hadithi. Kisha nadhani aliirudia hadi akaiamini, na sisi wanawe tukaimeza nzima tukaja kugombana juu yake.

Sasa nikuambie ninayoyaonea aibu. Siku ile ya kugawana sikuwa na haja na mashine. Sikuwa napiga bunduki, na kwa kweli ilikuwa chafu na nzito. Niliichukua ili wewe, uliyepata bunduki ya Baba, usiwe na cha kuilisha. Umefikiri miaka yote hii kwamba wewe ndiwe uliyeanza kukomoa ulipochukua kasha. Si kweli, kaka yangu. Nilianza mimi, na nilikuacha ubebe lawama mbele ya mchungaji na ukoo mzima. Nisamehe.

Na la pili. Tangu majira ya baridi nilikuwa nimeandika barua nyingine, fupi, ambayo sikuituma, ya kukuomba uniazime kipete kimoja tu. Ilikuwa kisingizio. Nilifikiri ukikubali nitakuja kukichukua mwenyewe, tutakunywa kahawa, na mengine yatajipanga. Verna alipotumbukiza kile chake nilifurahi, halafu alipoondoka nikakaa kwenye ngazi za banda nikalia, kwa sababu sikuwa tena na sababu ya kukuandikia. Bado nilijipa moyo. Nikasema angalau yeye ana vipete visivyo na mashine, siku moja atachoka, ataniandikia yeye.

Basi mwezi uliopita Verna alikwenda kwenye mashindano ya huko kwenu, akarudi akapita hapa moja kwa moja hata kabla ya kushusha mizigo. Akaniambia amekukuta, kwamba bunduki ya Baba inapiga vizuri kuliko alivyowahi kuiona, na kwamba alipokuuliza risasi zako unazipitisha wapi uligeuka mwekundu kama bitiruti. Una mashine ya kijani, miaka minne sasa, na kila kipete kwenye kasha la Baba kinafanya kazi humo. Ukamsihi asiniambie. Lamar, katika watu wote, siri yako ukampa Verna Moyer?

Kwa hiyo kumbe wewe ulijua tangu miaka minne iliyopita, na mimi tangu Aprili, na kila mmoja wetu amejificha bandani kwake anapaka nta kimyakimya, anamwonea mwenzake huruma. Hakuna anayemhitaji mwenzake kwa lolote. Nimelifikiria hilo majuma matatu. Ningekuomba kipete ungeweza kuninyima kipete, na mimi ningesema ni kipete tu. Sasa sina cha kuomba ila wewe mwenyewe.

Mashindano yetu ni Jumamosi ya pili ya Septemba. Njoo Ijumaa, ulale hapa, kitanda chako cha zamani kina godoro jipya. Kasha liache huko huko, usilete hata kipete kimoja, nisije nikasema umekuja kwa ajili ya kazi. Nitapika tambi za kuku na mayai ya kulowekwa kwenye siki ya bitiruti, na Darlene namwomba tu alete kicheko chake.

Msalimie sana yeye na wanao. Elwood anakusalimu, au anasalimu mtu fulani, sina hakika amesikia jina. Ukifika usibishe hodi mbele, mlango ule hufura wakati wa joto na haufunguki. Zunguka jikoni, mlango wa huko nitakuwa nimeuacha wazi.

Ndimi mdogo wako,
Nadine