Kipande Nyuma ya Jiwe

Jumatatu, 6 Mei
Dawa. Uji nusu kikombe. Niandike kabla mkono haujakataa: kwa miaka arobaini nimeficha mahali kilipo kigango cha baba, nguzo ya kuchongwa tuliyomsimikia baada ya kufa. Kijiji kizima kinaamini ndugu yangu Katana alikiuza kwa Wazungu. Nami nikawaacha waamini.

Jumatano, 8 Mei
Kadzo, binti wa Katana, kapiga simu. Anaongoza wageni katika kijiji cha utamaduni, kwetu, karibu na pango. Wazee wamekataa tena kumsimikia babake koma, kile kijiti kifupi cha marehemu wa kawaida. Mwizi wa kigango hasimikiwi, wamesema. Anataka nimwombee. Mimi ni mwalimu, watanisikia. Nimeona haya hadi masikioni.

Ijumaa, 10 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kwa Kadzo.
"Shikamoo, baba mkubwa. Mwavuli huu una matundu mengi kuliko chandarua!"
"Marahaba. Basi mbu nao watalowa."
Wageni hawakuja. Ngoma zimefunikwa turubai. Vigango vya maonyesho vimeegemezwa ukutani, vimechongwa juzi, si vya marehemu yeyote. Hakuna anayeviogopa.
Nikaomba kwenda pangoni. Kadzo alicheka, akasema magoti yangu hayana ruhusa. Alinishika mkono, kama babake zamani. Ndani, nyuma ya jiwe ninalolijua, nilipapasa. Kigango kimekuwa vumbi la mchwa. Kimebaki kipande cha ukubwa wa kiganja, chenye pembetatu za mchongaji. Nikakitia mfukoni. Kadzo alikuwa akitazama mvua. Mwoga mimi, hata sasa.

Jumamosi, 11 Mei
Kohozi lina damu.
Kigango hakihamishwi. Hata watu wakihama, huachwa pale pale. Nilijua. Lakini nilikuwa nimebatizwa majuzi, nautamani ualimu mkuu katika shule ya misheni, na padri alikuwa anakuja kunitembelea nyumbani. Nikaking'oa siku ya mvua kama hii, nikakificha pangoni padri asikione. Nitakirudisha, nilijiambia. Mbuzi wakaanza kufa, watu wakaona kigango hakipo, wakatafuta mwizi. Katana alikuwa na urafiki na wauza vinyago wa Malindi. Ikatosha. Wakamfukuza. Akaenda kuvuna chumvi Marereni, akafia huko.
Ualimu mkuu niliupata.

Jumapili, 12 Mei
Mvua imekatika.
Nilimwita Kadzo na wazee wawili. Nikaweka kipande mkekani, nikasema yote. Mzee Karisa alivua kofia, akasema koma ya Katana itasimikwa ardhi ikikauka kidogo.
Kadzo alikifunga kipande katika leso. Hakuniita baba mkubwa. Aliuliza jambo moja tu: babake alijua?
Nikamjibu. Alijua. Tulikutana mlangoni mwa pango, mimi natoka, matope hadi magotini. Siku ya kumfukuza alinitazama mimi peke yangu, kisha akanyamaza.