Kisogo cha Dada Zamu

Mafubira, Jinja

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umeshakunywa chai, maana najua ukisoma kitu kabla ya chai unakasirika mara mbili. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoiacha juu ya kabati, unaipaka au unaitazama tu? Mimi mzima, alhamdulillahi. Mvua za huku zinachelewesha rangi kukauka, lakini kazi ipo.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini Ijumaa ile niliondoka nyumbani Nabuyonga bila kula, na kuku umeshamchinja. Nikakujibu eti nawahi basi. Uongo, Mama. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili lazima ulisikie mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu ni kuchora vibao vya saluni. Usichojua ni kwamba nywele zilinishinda. Macho naweza, pua naweza, hereni ndiyo usiseme. Nywele nilikuwa napaka weusi tu, kichwa kizima. Nalongo, yule mama wa mapacha mwenye saluni hapa njia panda, aliangalia kibao changu cha kwanza akacheka mpaka wateja wakatoka nje na sabuni kichwani. "Banange, jamani! Huyu amevaa helmeti ya boda! Ssebo, bwana wewe, nenda ujifunze kichwa cha mtu."

Aibu ilinishika. Nikajifungia chumbani nikachora kichwa kimoja ninachokijua bila kukitazama. Dada Zamu alinibeba mgongoni utoto wangu wote, wewe ukiwa sokoni. Kisogo chake nilikijua kabla sijajua kutaja jina langu. Na Idi iliyopita, ulipokuwa unamsuka uani, nilikaa pale na chai yangu nikitazama. Hakujifunika. Ajifunike kwa nini? Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Niliona unavyogawa njia kwa kitana, ngozi inavyotokeza katikati ya mistari, na vile vinywele vya shingoni vinavyokataa kusukwa. Ndipo nikaelewa kwamba nywele zinaanzia kwenye ngozi.

Nilimchora kwa nyuma, bila uso. Nikajidanganya kwamba pasipo uso hapana mtu. Lakini nilichora kila kitu, Mama, hata lile baka nyuma ya sikio la kushoto, pale kitana cha moto kilipomuunguza akiwa mdogo, nywele zisiote tena. Ningeweza kuliacha. Sikuliacha, kwa sababu bila lile baka kilikuwa kichwa cha mtu yeyote, nami nilitaka sifa.

Sifa nikaipata. Nalongo safari hii hakucheka. Alikitazama, akasema, "Huyu mtu yuko hai," akakitundika barabarani. Wenye saluni wengine wakaanza kunitafuta. Nilivimba kichwa, nikawa nikipita pale napunguza mwendo nijitazamie kazi yangu. Vijana wa boda wanaokaa chini ya kile kibao walikuwa wakisema, "Huyu akigeuka tu, naoa." Nami nikacheka nao. Dada yangu yuko juu pale kichwa wazi, nami nacheka na wanaume.

Kisha Hadija, wifi yake Dada, akaja huku harusini, akaingia kwa Nalongo kusukwa. Yeye ndiye humsuka Dada wewe mguu ukikuuma; lile baka analijua. Akapiga picha kwa simu, akamwonyesha kaka yake. Yaliyofuata unayajua: Shemeji Twaha alimleta Dada kwako, akauliza mbele yako ni nani aliyemwonyesha mchoraji nywele za mke wake, na Dada akajibu kwamba ameniruhusu yeye mwenyewe.

Hakuniruhusu, Mama. Sikumwuliza. Hakujua kama kuna kibao mpaka alipokiona kwenye simu ya mumewe. Alijitwisha mzigo wangu ili mimi na shemeji tusivunjiane heshima.

Ijumaa nilikuja kuyasema haya. Wallahi, niliyapanga njia nzima. Lakini naingia, wewe tayari unamgombeza: "Mwanamke mzima unageuza kichwa chako tangazo la barabarani!" Yeye anachambua mchele tu. Nikasema moyoni, acha Mama amalize, ndipo niseme. Ulipomaliza ukanigeukia: "Na wewe usifuate kila upuuzi anaokuambia dada yako." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Ndiyo, Mama! Mimi huyu, na ndevu zangu.

Ulipokwenda jikoni, Dada akaniletea chai. Mlango umefungwa, hakuna mwanaume mwingine ndani. Siku zote tukiwa hivyo mtandio wake huwa mabegani. Ijumaa aliufunga mpaka kwenye nyusi, akauchomeka pini chini ya kidevu, kama anavyofanya akienda sokoni. Aliweka kikombe mbele yangu, akatazama pembeni, akasema, "Karibu chai." Hata jina hakunitaja. Kuku wako angepita wapi kooni, Mama? Nikatoka.

Shemeji nimempigia leo asubuhi, nikamweleza ukweli wote. Akasema atakuja kumchukua mkewe, ila mimi asinikute hapo. Ana haki. Kibao nacho nimekishusha. Nalongo alianza kunifokea. Nilipomwambia ni kichwa cha nani, akanishikia ngazi mwenyewe. Nimekipaka weusi kote, sasa ni helmeti kweli. Lakini picha zilizo kwenye simu za watu siwezi kuzipaka rangi, na hilo linanikosesha usingizi.

Yale maneno uliyomtupia Dada yalikuwa yangu mimi. Mwambie hivyo, na umbembeleze. Ila usimwombe anisamehe, wala usimwambie avue mtandio nikija. Hilo niachie nilibebe.

Nisalimie mjomba na cherehani yake, na Bibi Halima wa mlango wa pili, mwambie kabalagala zake, vile vitumbua vya ndizi, huku hazina mfano. Watoto wa Dada wabusu mmoja mmoja.

Ile picha ya Dada uliyoniomba ya kutundika sebuleni, sitaigusa mpaka yeye mwenyewe aniambie chora. Na akiniambia, nitamchora na mtandio wake, umefungwa mpaka kwenye nyusi, kama mgeni yeyote anavyomwona.

Mwanao,
Swaleh