Tumepanga Kufunga Ndoa Mlimani kwa Siri, Kumbe Baba Yake Anajifunza Kutembea

Mpendwa mshauri Mama Agness, naomba msaada, na ungejua jinsi mimi nisivyokuwaga mtu wa kuomba msaada ungeelewa kwamba jambo hili limenifika shingoni. Naitwa Danford, nyumbani ni Bweri hapa Musoma, ila kazi yangu ni mpishi wa mlimani kule Kilimanjaro, huu mwaka wa kumi na mbili, na watu wengi hawajui kwamba mpishi ndiye mtu mkubwa kuliko wote mlimani, kwa sababu mwongoza watalii akikosea njia mnarudi mnaanza tena, lakini mpishi akikosea supu hakuna anayefika popote. Nimekaanga mayai kwenye baridi ambayo mafuta ya kula yanaganda kwenye chupa. Nimemfundisha Mjerumani kumega ugali mpaka akaomba kiko cha kuchukua nyumbani, alimaanisha ukoko. Kiingereza naongea, Kijerumani naongea cha salamu na cha chakula, na darasa la saba nililimaliza kwa miaka tisa, lakini hayo tuyaache. Ukiitoa barua hii gazetini badilisha majina yetu wote, ila mlima uuache hivyo hivyo, watu wajue nilikofika.

Nina mchumba anaitwa Jenoveva, fundi cherehani wa Nyasura pale Bunda, anashonaga nguo za maharusi na wasimamizi wao. Nilimpelekea suruali apunguze kiuno, nikarudi na suruali ile ile mara nne, mara ya tano akaiweka chini akasema, "Kaka, hii suruali imeshaisha, sema ulichokuja kusema." Nikasema. Mwaka jana wazee wangu walipeleka barua ya posa kwa baba yake, Mzee Clementi, kule Butiama, tukapokelewa vizuri, mahari ikaongelewa ikaisha bila mtu kununa, na watu wote wanajua harusi ni Januari, kanisani kwao, mzee akimkabidhi binti yake.

Sasa Mama, Mzee Clementi alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kulia ukalala, na mama yake Jenoveva alishafariki zamani, kwa hiyo anatunzwa na mke wa mwanawe anayeitwa Miriamu. Mwezi wa saba ilikuwepo harusi ya ukoo, wakambeba mzee kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne, kila mmoja na mguu wake wa kiti, na mshereheshaji alivyokuwa hana akili akashika kipaza sauti akasema tumpigie makofi mzee wetu anaingia kama chifu, watu wakapiga makofi na vigelegele, na mzee akaangalia magoti yake mpaka shughuli ikaisha, pilau aliyowekewa ikapoa, hakuigusa. Jenoveva aliona. Tulipofika kwake Bunda ndipo akasema, "Baba yangu hatabebwa tena mbele za watu kwa sababu yangu. Nipeleke kwenye huo mlima wako, unioe huko, tukirudi tuwaambie imeisha."

Na mimi kosa langu ni kwamba mambo ya ndoa za mlimani nilikuwa nimeshamsimulia, na nilimsimulia kwa madoido. Iko hivi, mlimani kuna miezi ambayo wageni wanapungua, Aprili na Mei kwa sababu ya masika, halafu Novemba vuli zikianza, hata nauli na hoteli zinashuka, na kambi ambayo mwezi wa nane ina mahema kama soko la mnada, Novemba unasikia maji yakichemka ukiwa hema la tatu. Wazungu wajanja wanaijua hiyo miezi. Wanakuja wawili tu, wametoroka ndugu zao, wana mchungaji na mpiga picha, wanafunga ndoa ukungu ukiwa umewazunguka, hakuna kamati, hakuna kadi za michango, hakuna shangazi wa kuuliza mbona wali mchache. Jenoveva akapenda. Kwanza akataja Aprili, nikamwambia hapana, Aprili inakuja Januari ikiwa imeshapita, tena matope yanavua watu viatu, twende Novemba, tena Novemba kule Butiama kila mtu yuko shambani anapanda, nani atauliza fundi wa Nyasura yuko wapi. Nikajiona nina akili za bara na pwani. Rafiki yangu Bernado, mchungaji wa kanisa dogo Moshi, amekubali kupanda na sisi mpaka kambi ya kwanza. Jenoveva ameshashona gauni, jeupe, limeishia juu ya kifundo cha mguu lisiburute tope, na ndani ameweka bitana ya blanketi. Mama, nimeona magauni ya Ulaya kule juu, hakuna hata moja lililokuwa na akili kama hilo.

Jumanne ya juzi nikaenda Butiama peke yangu na samaki sato wawili na sukari, nimsalimie mzee kwa sababu moyo ulikuwa unanisuta. Miriamu alikuwa shambani. Nikapiga hodi, kimya, nikazunguka nyuma ya nyumba, na nikamkuta Mzee Clementi amesimama. Amesimama, Mama. Ana fimbo mkono wa kushoto, anatembea kufuata ua wa zizi, anatupa mguu wa kulia kama mtu anayesukuma mlango mzito, na anahesabu kwa sauti. Nikarudi nyuma kidogo asinione. Alipofika kumi na tisa akaanguka.

Wewe ni wa huku, unajua kwetu mkwe na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali, humpi mkono, hukai naye benchi moja, na kumshika mwilini ni aibu ambayo ukoo unaweza kuiitia kikao. Mimi sikukumbuka hata kimoja. Nilimwinua kama ninavyoinuaga wageni waliozidiwa na hewa, mkono chini ya kwapa, mwingine kwenye mkanda, nikamwegemeza kwenye ua. Akapumua pale muda mrefu. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Umenishika?"

Nikasema, "Hapana baba, sijakushika."

"Vizuri. Na mimi sijaanguka."

Nikakaa mbali, kwa heshima, ndipo akanieleza. Anafanya mazoezi tangu mwezi wa nane, asubuhi Miriamu akishaondoka. Alimtuma katekista ampimie kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele bibi harusi anapokabidhiwa kwa bwana harusi, akaambiwa hatua arobaini na mbili. Yeye amefika ishirini na sita siku nzuri. Akasema mpaka Januari zitatimia, na Jeni asijue, wala Miriamu asijue, anataka siku ile binti yake ashuke kwenye gari amkute baba yake amesimama mlangoni. "Wewe umeona kwa bahati mbaya," akaniambia. "Kaa nayo."

Mimi ni mtu wa maneno, hata mlimani wananiita Redio, lakini pale nilitumia miguu. Nikamwonyesha tu tunavyofanya na wageni kule juu, hatua fupi, fimbo itangulie, pumua, usitazame mwisho wa njia. Akajaribu. Akafika ishirini na nane. Akanitazama kama mtoto aliyepasi.

Sasa Mama nimebaki katikati na usingizi umekata. Nikimwambia Jenoveva, nitakuwa nimemsaliti mzee, na hilo ndilo jambo moja alilonalo. Nikinyamaza tukaenda mlimani Novemba, mzee ataendelea kuhesabu hatua kwenye zizi kwa harusi ambayo imeshapita. Nikivunja safari bila sababu Jenoveva ataona nimeogopa, na mimi nilimwambiaga siogopi kitu isipokuwa nyuki. Na tukisubiri Januari, halafu mzee akaanguka hatua ya thelathini mbele ya kanisa zima na yule mwenye kipaza sauti, Jenoveva hatanisamehe, kwa sababu nitakuwa nilijua. Kuna bibi harusi mmoja Mzungu, walitoroka hivyo hivyo Novemba, alifurahi mchana kutwa, jioni akaja hema la jiko kuota moto akaniuliza kama mimi nina binti. Nikasema sina. Akasema ukimpata usimwache aolewe usipokuwepo. Nilicheka wakati ule, nikamwongezea supu. Sasa sicheki. Nampenda huyu mwanamke, na baba yake nimeshampenda pia, nifanyeje?

Danford, Bweri.

MAMA AGNESS ANAJIBU

Danford mwanangu, majina nimebadilisha, mlima nimeuacha. Gazeti hili linatoka Jumatano, na kwa kuwa Nyasura wanajua kusoma, jibu hili nimekutumia kwa simu Alhamisi iliyotangulia ili Jumapili ipite kwanza. Wewe ulituma barua ya siri gazetini na hukuwaza hilo. Ndiyo maana nakuanzia kwa kukugombeza.

Umekagua hali ya hewa, matope, mahema na hata bitana ya gauni, lakini hukuuliza swali ambalo angeuliza mtu yeyote wa kigango chao cha kanisa. Jenoveva ni Mkatoliki, ndoa yake inatangazwa kanisani. Na hata mkienda nje ya kanisa, sheria ya nchi inataka taarifa ya siku ishirini na moja kabla ya kufunga ndoa. Huyo rafiki yako Bernado je, ana leseni ya kufungisha ndoa, au anawaombea tu wageni ambao karatasi zao wamemaliza kwao? Muulize leo. Usije ukamshusha binti wa watu kutoka mlimani akiwa na picha nzuri na bila cheti.

Kuhusu kumshika mzee, ulifanya vyema, na yeye mwenyewe ameshafunga kesi. Usiirudie kuisimulia, hata kwangu.

Sasa sikia. Unazo siri mbili mfukoni na umezichanganya. Ya kutembea ni ya Mzee Clementi. Hukupewa uitumie, ulipewa uitunze, na utaitunza. Ya mlima ni yako na Jenoveva, na hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, kwa sababu uliketi mbele ya mzee aliyekueleza kila kitu na wewe hukumweleza chochote.

Halafu tazama watu hawa wawili. Binti anataka kukimbia ili baba yake asiaibike. Baba anaanguka kwenye zizi ili binti yake asiaibike. Kila mmoja anamficha mwenzake kwa mapenzi, na katikati wamemweka mpishi. Usiwe mjumbe wao. Wakutanishe.

Kesho nenda Nyasura. Mwambie Jenoveva maneno haya na usiongeze hata moja, nakujua sasa: "Mlimani nitakupeleka, lakini sikuchukui kabla baba yako hajajua. Jumapili tunakwenda Butiama, umwambie mwenyewe, na umwambie na sababu." Atakuuliza umepatwa na nini. Sema umeona haya kumdanganya mzee, na hilo ni kweli. Akikuita mwoga, pokea. Mwanaume anayesema anaogopa nyuki tu hajawahi kuoa.

Mkikubaliana wote watatu, mazuri ya mpango wenu msiyatupe. Kutaka watu wachache si dhambi. Kaeni na paroko, mwombeni misa ya siku ya kazi, asubuhi, Januari hiyo hiyo, ndugu wa karibu tu. Kipaza sauti kisikaribie mlango. Na kama kuna mtu atahitaji kupumzika njiani, wekeni benchi katikati ya kanisa, kwani kule mlimani nani anapanda bila kupumzika? Mtu akikaa dakika mbili kisha akainuka, hakuna mwenye haki ya kumcheka. Mlimani mpeleke Jenoveva Aprili ya wageni wachache au Novemba nyingine, mkiwa na cheti, makoti ya mvua na viatu alivyovizoea miguuni, naye avae lile gauni huko juu kama anataka. Usimfikishe kileleni kwa kujionyesha. Kambi ya kwanza inamtosha mke wa mtu.

Na mzee akisema, "Nendeni, nawabariki, msinisubiri," basi nendeni. Lakini asikie kwa binti yake, asisikie kwa watu wa mnadani.

Jumapili ukifika Butiama, salimia, kaa panapokaa mkwe, mwache Jenoveva aseme. Akishafika kwenye sababu, wewe toka, nenda uangalie ng'ombe. Kama mzee ataamua kumwonyesha binti yake anachoweza, ataamua mwenyewe, kwa wakati wake, na ni haki ya binti kuona bila wewe kuwepo. Ukisikia kilio ndani usirudi. Ukisikia kimya usirudi pia. Kaa huko huko nje mpaka uitwe.