Mbao Mbili za Kushoto

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hapo Malolo mnaokota korosho bila homa, na kifua cha bibi kimepata nafuu. Mimi huku Nachingwea ni mzima na shule naenda. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha mezani. Kuandika naweza.

Baba, zile mbao za mninga ulizotunza ili siku moja tuweke mlango badala ya lile bati linalopitisha mvua, ukampa baba mdogo nijifunzie kutengeneza ngazi ya nyumba ya mteja wake, nimeziharibu.

Ngazi ina mbao mbili ndefu za ubavuni, na vikanyagio huingia kwenye mifereji iliyochimbwa ndani yake. Tunachimba kwa mashine ya ruta, nayo huyumba isipokuwa na kigezo cha kuiongoza. Vya kununua hapa havipo. Nikatengeneza changu kwa plaiwudi, nikifuata mchoro wa kitabu cha maktaba ya shule. Baba mdogo alikipitishia kidole akasema, "Mwanangu, hiki hata mimi sikiwezi." Nilifurahi mno. Labda ndiyo maana sikufikiri.

Jumamosi nilichimba ubao wa kwanza, kisha wa pili. Mifereji ilitoka safi kabisa. Tulipozisimamisha mbao zitazamane, mifereji ya huku ilipanda, ya kule ikashuka. Kwa ubao wa pili nilipaswa kukigeuza kigezo. Sikukigeuza. Zote mbili ni za kushoto, kama ndala zilizookotwa.

Fundi mwenzake baba mdogo alicheka: "Profesa, mwenye nyumba ana miguu mingapi ya kushoto?"

Nikauliza kama tunaweza kuchimba upande wa nyuma. Baba mdogo akapima unene uliobaki. "Hapa pamebaki biskuti, mwanangu." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mwenye nyumba ameamua kujenga ngazi ya zege. Mninga mpana kama ule tumeuulizia mpaka Marambo, haupo. Nilitaka kuandika kwamba nitakutengenezea mlango mzuri zaidi, lakini sioni ni kwa mbao zipi. Tangu siku ile napewa msasa tu, ruta siruhusiwi kuigusa.

Nisalimie mama, na kaka aliyeko shamba la Matambarale. Bibi msimweleze habari za mbao. Mvua zikianza, sogezeni tu kitanda chake mbali na mlango.

Ni mimi mwanao,
Somoe