Miche Ndani ya Uzio

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Je, kifua cha mdogo kimepoa? Mimi afya ninayo, raha ndiyo sina.

Umeniandikia mara mbili kwamba tangu shemeji afukuzwe kazi huku kisiwani, anakula vijiko viwili na kugeukia ukuta. Unauliza kulikoni. Nimekukwepa vya kutosha.

Kazi yetu unaijua: kung'oa magugu ya kigeni yaliyouvamia msitu na kurudishia miti ya asili. Juu mlimani ulibaki mti mmoja tu wa aina yake, tukiuita Bibi Kizee. Tulikuwa tumeuzungushia uzio, na ufunguo alikabidhiwa mumeo. Miaka sita tulipanda mbegu zake kitaluni, hakuna hata moja iliyoota. Msimamizi aliapa kwamba siku mche ukichomoza atacheza ngoma mbele yetu, na kwa kitambi kile, tuliisubiri siku hiyo kwa hamu.

Mwezi uliopita upepo ulimwangusha Bibi Kizee. Nililia, dada, usinicheke. Mtaalamu wa mimea alipokwenda kumkagua, alikuta kando ya uzio lundo la magugu yaliyong'olewa, na ndani yake miche kumi na mmoja ya Bibi, imekauka. Kumbe mti ule ukiwa mchanga majani yake ni membamba, mekundu, hayafanani kabisa na ya mkubwa. Sisi tungejuaje? Hakuna aliyewahi kuuona mdogo. Ndiyo maana amri ilikuwa kwamba humo ndani asipalilie mtu bila mtaalamu.

Msimamizi aliuliza ni nani. Mumeo akajibu kuwa ni yeye, akafukuzwa siku ileile.

Dada, ni mimi. Aliniachia ufunguo nikaokote mbegu tu. Nikaona yale majani mekundu yamejaa shinani, nikataka sifa, nikayang'oa yote huku nikipiga mluzi. Msimamizi alipouliza, nilimwacha mumeo ajibu. Baadaye mumeo aliniomba nisikwambie, eti wewe huna kaka mwingine.

Kesho asubuhi naingia ofisini kusema ukweli. Huenda wakamrudisha kazini. Ile miche hairudi, na mbegu za kuotesha hatuna tena.

Wabusu watoto. Shemeji msomee barua hii yote, hata akikukataza.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba